Kumchora Susu Kupitia Ukuta wa Jikoni

Kazi iliyonitoa jasho kuliko zote nilipewa na mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja hatukuwa tumetazamana usoni. Mtu huyo ni mama mkwe wangu. Siku hiyo alikuwa jikoni mwake kule Kanyangi, mimi nimekaa nje na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mapajani, na katikati yetu kulikuwa na ukuta wa matofali. Mke wangu, ambaye ni binti yake, alisimama mlangoni akipokea maneno ya ndani na kuyaleta nje, kisha akipokea ya nje na kuyapeleka ndani.

Hiyo ndiyo nthoni. Ni haya ya heshima ambayo sisi Wakamba tumewekewa kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja wenu anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Siku hizi wengi wameilegeza. Nina rafiki kule Mwingi anayejipiga picha na mama mkwe wake, mashavu yamegusana, kisha anaituma kwa watu wote anaowajua, na hajapigwa na radi. Mama mkwe wangu hakuilegeza hata kidogo. Ni mlokole wa kweli, anaimba kwaya ya akina mama, na mambo mengi ya kale aliyatupa siku aliyookoka, lakini hili alilibakiza. Siku ya arusi yetu alikaa akitazama maua ya mbele ya kanisa toka mwanzo hadi mwisho. Albamu ilipotoka aliifunua ukurasa kwa ukurasa, na kila mahali nilipotokea aliweka kiganja juu yangu akamtazama binti yake peke yake. Mke wangu alinisimulia hayo akicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka sana. Suti ile niliihangaikia wiki nzima.

Basi siku hiyo nikasikia sauti yake kutoka ndani.

“Muulize kama anaweza kuchora mtu aliyekufa.”

Tulikuwa tukiongea Kikamba, na ukuta ule hauzuii hata kikohozi, kwa hiyo nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nilitafuna muthokoi wangu nikasubiri swali linifikie.

“Mwaitu anauliza kama unaweza kuchora mtu amekufa,” mke wangu akasema, mwaitu kwetu ikiwa ni mama.

“Mwambie inategemea amekufa lini.”

Lilikuwa jibu la kijinga na nililijutia mara moja. Kisha mama mkwe akaeleza shida yake taratibu, kifungu kwa kifungu, na mke wangu akaileta nje hivyo hivyo.

Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kwenda zamani, na la kulia sasa lilikuwa likijifunga, likianzia pembeni kuja katikati. Daktari mmoja mjini Kitui alimwambia bila kuzungusha kwamba dawa ya matone itachelewesha tu, na kwamba kilichopotea hakirudi. Labda atamaliza mwaka akiona, labda hatamaliza. Habari hiyo aliipokea vizuri kuliko sisi. Alichotaka ni kitu kimoja kabla ya mlango kufungwa. Mama yake, yule ambaye mke wangu angemwita susu kama wangewahi kukutana, alikufa bila kupigwa picha hata moja katika maisha yake, si ya kanisani wala ya kitambulisho. Mama mkwe alikuwa ameibeba sura hiyo kichwani miaka yote, na sasa ilikuwa ikichuja.

“Nataka nimwone mara moja,” akasema. “Kwa jicho, si kwa kichwa.”

Nilikubali kabla ya kufikiri. Kukubali haraka ni ugonjwa wangu, na mama mkwe husema ni ugonjwa wa watu wote wa Makueni, ninakotoka.

Naishi Kabati, vyumba viwili nyuma ya duka la mbegu, na kazi yangu ni kuchora kwa wino picha za vitabu vya watoto. Kama umewahi kumsomea mtoto wako hadithi ukakuta mbuzi amesimama kando ya kisima akionekana kuwa na mawazo, huenda ni mbuzi wangu. Nimechora mbuzi wengi kuliko wanaoletwa Mwingi siku ya soko. Utaratibu wangu haubadiliki. Naanza na penseli nyepesi, natafuta umbo, nafuta, natafuta tena. Nikishaamua, napitisha penseli nzito. Kisha ndipo nafungua kichupa cha wino, nachovya kalamu ya nibu, na kupita juu ya mistari ile mmoja baada ya mwingine. Mwisho nafuta penseli yote, unabaki wino peke yake, na anayetazama anadhani nilijua nilichokuwa nafanya tangu mwanzo. Naupenda mpango huo. Mimi ni mtu wa kubadili mawazo, na penseli hainitangazi.

Wazee wa kanisa lake wote husema mama mkwe ni mama yake mtupu, hata namna ya kugeuza shingo. Kwa hiyo njia ya mkato ilikuwa wazi. Nikamwambia mke wangu kwamba ningehitaji kumtazama mama yake dakika kumi tu. Alinitazama mimi kana kwamba nimependekeza tuuze kanisa. Nikasema basi ampige picha kwa simu aniletee. Hilo alikubali kulipeleka ndani, na jibu likarudi kabla hata hajatoka mlangoni vizuri.

“Anasema picha yake ni yeye.”

Hukumu ikawa imetolewa. Nikabaki na mke wangu, ambaye ni nakala ya nakala.

Mke wangu anashona sare za shule, na hawezi kukaa bure, kwa hiyo nilimchora akiwa kwenye cherehani. Kila dakika mbili aliinamia sindano nami nikapoteza kidevu chake. “Unaniangalia aje hivyo?” akaniuliza siku ya kwanza. “Kwani nimekukosea?” Nikamwambia ni kazi. Lakini haikuwa kazi tu. Sikuwa najua kwamba sikio lake la kulia limekaa juu kidogo kuliko la kushoto, wala kwamba akipima kitambaa hukunja mdomo upande mmoja. Unaweza kuishi na mtu miaka kumi na mmoja ukijua sauti ya nyayo zake na usijue masikio yake. Wiki hiyo nilimpenda upya, na nasema hivyo bila haya yoyote, ya nthoni wala ya kawaida.

Nilimzeesha kwa penseli. Nikashusha kope, nikapitisha mikunjo kutoka puani hadi kwenye pembe za mdomo, nikamfunga leso kichwani. Ulikuwa mchoro mzuri wa mwanzo, laini, wa kijivu, wenye nafasi ya kurekebishwa. Tukaupeleka Kanyangi kwa pikipiki yangu, umebanwa kati ya mbao mbili nyembamba. Nilikaa mahali pangu nje, mke wangu akaingia nao ndani, nami nikatega sikio.

“Karatasi hii iko tupu,” mama mkwe akasema.

Mke wangu akasema haiko tupu, ni penseli. Akamsogezea kwenye mwanga wa dirisha. Akamsogezea karibu, akamsogezea mbali.

“Mwanangu, iko tupu. Mwambie akishachora anitumie.”

Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo liliniuma. Jicho lile halikuona kijivu tena. Nyeusi juu ya nyeupe liliiona, lakini penseli ililipita kama hewa. Maana yake ni kwamba utaratibu wangu wote ulikuwa umepinduliwa. Kila jaribio lingekuwa la wino. Kila kosa lingekuwa la wino. Nisingeweza kubahatisha mbele yake hata mara moja.

Nikarudi Kabati nimenuna, nikachukua karatasi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, kubwa kama gazeti lililofunguliwa. Fikra yangu ilikuwa rahisi: macho mabovu, picha kubwa. Niliuchora uso ule kwa brashi na kwa nibu, nikajaza vivuli kwa mistari yangu myembamba inayopishana, ile ambayo wahariri huisifu, mamia na mamia, siku nne nzima. Jasho la mkono lilitaka kuharibu kila kitu, nikawa nalaza kitambaa chini ya kiganja. Wino ulikauka kwenye nibu kwa joto kabla haujafika karatasini. Nilipomaliza niliusimamisha ukutani nikarudi nyuma hatua tatu, na nilijipongeza kwa sauti.

Kule Kanyangi mama mkwe aliutazama muda mrefu. Nilisikia karatasi ikisuguliwa mezani, ikisogezwa huku, ikisogezwa kule.

“Naona pua,” akasema. “Pua ni nzuri. Mwenye pua yuko wapi?”

Karatasi ikasogezwa tena.

“Sasa naona sikio. Pua imeenda.”

Nilikasirika. Sitajipamba hapa. Niliinuka nikaenda kusimama karibu na pikipiki, na mke wangu alipotoka nilimwambia kwamba mama yake ananichezea, kwamba nimemwachia siku nne nzima za uhai wangu, na kwamba mtu anayeweza kuona pua anaweza kuona uso. Mke wangu alinyoosha mkono akachukua ile picha yangu, akaizungusha ikawa bomba refu jembamba, na pale pale akanibandika bomba hilo kwenye jicho la kulia na kunifunika la kushoto kwa kiganja chake.

“Niangalie,” akasema.

Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Nikaona kifungo. Nikainua bomba, nikaona nusu ya mdomo. Nikatafuta jicho lake, nikakuta ukuta.

“Sasa ngoja.” Akatembea akirudi nyuma mpaka karibu na zizi la mbuzi, akasimama. Na ndani ya kile kiduara, mdogo, mzima, kutoka leso hadi kidevu, nikamwona mke wangu akinitazama amekunja mikono.

Tulipofika Kabati nilitoa mkasi.

Basi picha ikawa ndogo. Nikakata kipande cha karatasi nzito cha ukubwa wa kiganja, nikaanza upya. Atakayekuambia kwamba picha ndogo ni kazi ndogo hajawahi kuichora. Mistari yangu myembamba haikuwa na pa kukaa. Nikiweka kumi, inashikana na kuwa doa. Nikalazimika kuiacha, na kuiacha kuliniuma, kwa sababu ndiyo majivuno yangu yenyewe. Badala yake nikatumia nyeusi nzito chini ya kidevu, chini ya leso na kwenye matundu ya pua, kisha weupe wa karatasi ukafanya kazi iliyobaki. Uso mzima ulikuwa na mistari isiyozidi thelathini. Kila mmoja niliuchora hewani kwanza, kalamu imeinuliwa, nikipumua nje, ndipo nikaushusha.

Niliharibu vipande vingi. Wakati huo huo habari za Kanyangi hazikuwa nzuri. Mke wangu alipopiga simu kumjulia hali, aliambiwa kwamba jana yake mama alimimina chai kando ya kikombe, na kwamba kanisani alimsalimia mtu mwingine akidhani ni mwimbaji mwenzake. Aliyasimulia hayo kama mchezo. Mke wangu alikata simu akakaa bila kushona, na mimi nikakata karatasi nyingine.

Kipande nilichokipeleka mara ya tatu kilikuwa cha heshima. Bibi mwenye leso, macho yametulia, mdomo umefungwa vizuri, kama anayesikiliza mahubiri. Safari hii mama mkwe hakukisogeza huku na kule. Alikinyanyua mbele ya jicho, akakirudisha nyuma kidogo, akakipata.

“Namwona,” akasema. Nikainuka. “Namwona mtu. Amenuna. Mama hakuwa mtu wa kununa.”

Mke wangu akaanza kueleza kwamba hakununa, ametulia. Mama mkwe akamkatiza.

“Mama alikuwa na meno ya kuchongwa.”

Kisha akaanza kusimulia, na sijui kama alikuwa akimsimulia binti yake, au mimi, au kile kipande cha karatasi. Zamani, alisema, msichana wa Kikamba alichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, na huo ndio ulikuwa urembo. Mama yake alikuwa nayo, na alicheka kinywa wazi, kichwa nyuma, meno yote yakionekana. Kijiji kizima kilijua kicheko hicho. Halafu mama mkwe akapelekwa shule. Wenzake walikuwa watoto wa mama waliosoma, wa meno ya kawaida, na siku moja mama yake akaja shuleni kumletea viazi vitamu, mtu akasema neno la mzaha, na mama yake akacheka.

“Nikamwambia, mama, usicheke mbele ya wenzangu.”

Ndani sufuria ilikuwa ikichemka. Hakuna aliyeiondoa motoni.

“Basi akawa anafunga mdomo. Si shuleni tu. Hata nyumbani, nikiingia, anaweka mkono hapa. Mpaka alipokufa, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, alikuwa akiniona anaweka mkono hapa. Na mimi sikumwambia aondoe. Nilikuwa nikisema nitamwambia.”

Mke wangu hakuyaleta maneno hayo nje. Alikuwa ameegemea mlango amenipa mgongo, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Hakuwa amewahi kuyasikia. Yalinifikia yenyewe, na kwa mara ya kwanza sikusubiri yafikishwe.

“Mwambie nimeelewa,” nikasema. Lakini nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Meno, kwa wino, hayachorwi. Hilo ni jambo la kwanza unalojifunza na la mwisho kulizoea. Ukichora jino moja moja unapata mahindi. Unachora giza la kinywa, na meno ni kile ulichokiacha. Nilijaribu kwanza kwenye karatasi za kutupa, vinywa vitupu bila nyuso, labda arobaini, mpaka meza ikawa inachekesha na kutisha kwa pamoja. Mke wangu alipita na chai akaniuliza kama niko sawa.

Nilipoona mkono umezoea, nilichora uso wote kwa penseli, nikarudisha kichwa nyuma, nikapandisha mashavu, nikayafanya macho kuwa mafinyu kama ya mtu anayecheka kweli. Nikabandika mchoro huo kwenye kioo cha dirisha na kipande kisafi juu yake, jua la saa nne likapenya, nikaunakili kwa mstari mwepesi. Kisha nikaketi. Nikafunga mlango kwa sababu ya vumbi la barabarani, maana chembe moja ikinaswa na nibu inaburuta wino hadi mahali usipopataka. Nikaanza na leso, kwa kuwa leso husamehe. Nikaja kwenye macho, kisha mashavu. Kinywa nilikiacha mwisho.

Mstari wa mdomo wa juu ulitoka salama. Nikageuza nibu, nikaingiza giza kati ya ncha na ncha, kidogo kidogo, ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu wino ulitiririka zaidi ya nilivyotaka na kula ncha ya jino. Nilitaka kulia. Nikaacha kalamu, nikasubiri ukauke kabisa, nikachukua wembe mpya na kulikwangua doa lile kwa pembe ya wembe, nikipeperusha unga wake kwa pumzi, mpaka weupe ukarudi. Karatasi ilibaki na kinyuzi hapo. Ukilitazama jino lile kwa karibu utaona limekwaruzika, nami sikuligusa tena. Nikafuta penseli. Susu ambaye sijawahi kumwona alikuwa akinicheka kutoka kwenye kiganja changu.

Siku ya kumpeleka sikuweza kukaa. Nilisimama nje ya ukuta nimeshika sahani sijui ya nini. Nilisikia mke wangu akisema, “Mwaitu, huyu hapa.” Kisha sauti ndogo ambayo sikuitambua, maana katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kumsikia mama mkwe wangu akicheka.

“Ndiye,” akasema. “Ndiye huyu.” Na baada ya kitambo, kwa upole kabisa, si kwetu: “Cheka, mama. Cheka tu.”

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtu mwenye akili zake.

Nilidhani kazi imekwisha. Wiki mbili baadaye mke wangu alirudi kutoka kumtazama mama yake akiwa na agizo jipya. Jicho lilikuwa limebakisha kitundu tu, alisema, na mama alikuwa amefikiri vizuri atakitumiaje. Binti yake alikuwa amemtazama vya kutosha. Kanisa alikuwa amelitazama. Mama yake alikuwa akimtazama kila asubuhi.

“Anasema uso wa yule anayechora hajawahi kuuona. Anasema ujichore.”

Nikauliza nthoni imekwenda wapi. Picha yake ilikuwa yeye, basi picha yangu si mimi? Mke wangu akasema swali hilo hata yeye aliliuliza, na hata alijitolea kumwonyesha sura yangu kwenye simu. Simu mama aliikataa. Ilikuwa iking'aa na kulichoma jicho, na zaidi ya hayo picha ya simu ni mtu mwenyewe. Lakini mchoro wa mkono, mama alisema, ni sawa na barua. Mtu amekaa, amefikiri, ameandika, ametuma. Na hakuna mahali alipowahi kusikia kwamba mkwe hawezi kumwandikia mama mkwe barua. Wakili wa Nairobi asingeipata njia hiyo.

Nikatundika kioo cha kunyolea dirishani. Jaribio la kwanza lilimaliza saa mbili, na mke wangu alilitazama na kuuliza, “Huyu ni nani?” Nilikuwa nimejipunguza pua na kujirudishia nywele. Nikabishana naye kidogo, kwa ajili ya heshima tu, kisha nikakata karatasi nyingine na kuchora kilichokuwepo: pua, upara unaoingia kutoka pande mbili, mikunjo ya mtu anayekodolea karatasi. Nusu saa. Mkono ulikuwa umekwisha kujua ukubwa ule.

Tuliufikisha siku iliyofuata. Mama mkwe aliupokea, akautafuta umbali wake, akaupata. Nilisikia kiti kikilia. Nilikuwa nikiogopa, nakiri, kuliko siku nilipopeleka mahari.

“Wi museo?” akasema.

Nilidhani anamsalimia mke wangu. Lakini mke wangu alikuwa mlangoni, akinitazama mimi kwa macho makubwa. Mama mkwe alikuwa ameisalimia karatasi.

Hatukuwa na sheria ya jambo hilo. Nikatazama ukuta.

“Ni museo, mama,” nikasema.

“Umekonda,” akaiambia karatasi. “Binti yangu hakupi chakula?”

“Ananipa, mama.”

“Na hicho kichwa, nywele zimekwenda wapi?”

“Sijui, mama. Zilikuwepo juzi.”

Akacheka. Akaniuliza habari za wazazi wangu Makueni, ambazo alikuwa akizipata kupitia kwa binti yake miaka yote. Akaniuliza kama wino unanuka. Akaniambia, akiwa amenishika mkononi ukubwa wa kiganja, kwamba siku ya arusi yetu alifurahi sana na hakujua amwambie nani. Mke wangu alikuwa ameketi kizingitini, hana la kupokea wala la kupeleka, ameshika tama. Niliongea na mama mkwe wangu mpaka chai ikapoa mara mbili.

Jicho lilijifunga kabla ya mvua. Hakulalamika, alisema tu kwamba sasa limepumzika. Nikifika Kanyangi bado nakaa nje na yeye ndani, na bado, kabla ya kuongea nami, hupapasa mezani na kuinyanyua karatasi yangu mbele ya uso wake, aiulize nimelalaje. Juzi alikosea, akainyanyua ya mama yake, akaiuliza habari za Kabati. Mke wangu akainuka ili ambadilishie. Nilimzuia kwa mkono, nikaitika.